Jogoo Aliyerudi

Palikuwa na kijiji ambacho saa yake ilikuwa koo la Jogoo. Akiwika, Punda alikwenda kisimani, Mbuzi akaenda malishoni, Tetea akawasha moto. Mwaka mmoja, baada ya majuma mengi ya kukosa usingizi, Jogoo aliwika usiku wa manane. Akawika usiku wa pili. Usiku wa tatu alipanda juu ya paa, akilishangilia jua lililokuwa linawaka kifuani mwake peke yake. Wakamfunga kamba mguuni, wakampeleka nyumba ya ng'ambo ya mlima.

Alikaa huko miezi mitano. Mlango alifunguliwa, taa alizimiwa, chakula alipigiwa kengele. Alitibiwa, akalala, jua la kifuani likatua. Siku ya kuruhusiwa alipewa vidonge, kadi ya kliniki na tarehe ya sindano ya kila mwezi.

Alipofika kwake alisimama kizingitini.

"Ingia, Baba Vifaranga," Tetea akamwambia.

Hakuingia. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa anangoja wa kumfungulia.

Kijiji kilimkaribisha kwa mtama, kisha kikamkodolea macho. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," walisema, ilhali alizaliwa pale pale, na kamba walimfunga wao. Jina la nyumba ile likageuka tusi, kama tulivyoyageuza matusi majina ya Mirembe, hospitali iliyopo Dodoma tangu 1927, na Mathari ya Nairobi, iliyoanza 1910. Kifaranga akijikwaa mchezoni, wenzake humcheka: "Wa ng'ambo huyo!"

Mabawa ya Jogoo yalitetemeka, mdomo ukamkauka, mwili ukawa mzito. Dawa ndiyo iliyomtetemesha. Wao wakasema ni ugonjwa. Akicheka, Bata husema, "Kimeanza." Akinyamaza, Mbuzi husema, "Kuna jambo analipanga." Siku moja kifaranga alimwaga maji, naye akamkaripia kama baba yeyote angefanya. Tetea hakuuliza ni nani aliyemwaga. Aliuliza, "Dawa umemeza?"

Tangu siku hiyo Jogoo akajifunza kukasirika kimya kimya. Kuwika akaacha kabisa. "Liwike lisiwike, kutakucha," kijiji kikajifariji. Kulikucha kweli, ila Punda alikuta maji ya kisima yameshachotwa, na Mbuzi akafika malishoni jua la utosi.

Alfajiri moja koo lilimshinda. Akawika, mara moja tu. Milango ikafunguka, na Mbuzi akaja na kamba.

"Nimewika kwa sababu kunakucha," Jogoo akasema.

"Hata siku ile ulisema hivyo hivyo!"

Wakamzunguka. Wakamkagua macho kama ni mekundu, wakayahesabia mabawa mitetemo yake. Bibi Kobe akapenya katikati yao. Hakumtazama Jogoo. Aligeuza shingo polepole upande wa mashariki.

"Mmemkagua kuanzia kucha hadi kilemba," akasema. "Ni nani kati yenu ametazama mbingu?"

Wakainua vichwa. Juu ya mikorosho wekundu ulikuwa umeshaanza kutanda.

Mbuzi hakuiachia kamba. "Na akija kuwika usiku tena?"

"Nitamwambia, 'Mjukuu wangu, bado ni usiku,' na nitakaa naye mpaka kuche. Siku ya sindano nitamsindikiza. Ikibidi arudi ng'ambo, tutakwenda wawili, na nitakuwa mlangoni siku akitoka. Kamba yako imeshikilia mguu wake siku zote hizi, Mbuzi. Yeye mwenyewe nani amemshika?"

Mbuzi akaitazama kamba, asijue la kuifanyia.

Tetea alikuwa bado kizingitini, kuni mkononi. Akamtazama mumewe kwa muda, kisha akamwuliza kama alivyokuwa akimwuliza zamani:

"Baba Vifaranga, kumekucha?"

Mabawa yakamtetemeka. "Kumekucha," akajibu.

Tetea akainama, akawasha moto.