Gari Imepimwa Kuliko Mimi

Jirani, kama una mpwa Marekani, pole. Kama huna, usiombe. Wangu yuko Minnesota, huko Wakisii walikojaa hadi ukipiga chafya kwenye basi unapewa pole kwa Ekegusii. Anatunza wazee, anafanya zamu mbili, halafu usiku badala ya kulala anaangalia magari kwenye simu. Kwake ni usiku au mchana, mimi sijui, saa zao sijawahi kuzielewa. Ninachojua ni kwamba simu hunikuta usingizini.

"Anko, nataka Cayman."

Nikamwambia Cayman ni visiwa, wakubwa huficha pesa huko. Kumbe ni gari. Porsche 718 Cayman. Mtumba, ya mwaka 2018, ipatikane Kenya, imngoje nyumbani Nyakoe akija Disemba. Na wa kuitafuta ni mimi. Kwani mimi nimekosea nani? Eti mimi ndiye niko graundi. "Lakini Anko, isikuwe bila waranti. Iwe sertifaidi kabisa." Nikasema sawa. Mimi husema sawa kwa kila kitu, ndiyo maana niko nilipo.

Sasa niambie, mtu wa Nyakoe ajue waranti kutoka wapi? Hapa kwetu stejini, barabara ya Kisii kwenda Kisumu, gari ni Probox. Probox haina waranti. Ina dereva, ina watu hesabu yao usiulize, ina kuku, ina gunia la avokado. Dereva mwenyewe amekalia nusu kiti, nusu nyingine kuna abiria na amelipa nauli kamili. Ikizima tunashuka, tunasukuma, inawaka, tunapanda. Hakuna aliyewahi kudai karatasi.

Nikapanda gari ya usiku hadi Nairobi. Yadi ya kwanza nikapokewa na broka, kijana wa viatu vyenye ncha. Akaniita mzee wangu. Mtu asiyekujua akikuita mzee wangu, shika mfuko. Mimi nikafurahi. Akanikalisha, akaniletea soda, akanionyesha gari. Nyekundu. Imelala chini hivi, ukitaka kuingia unajishusha kwanza, ukitaka kutoka unaita mtu. Nikakwama humo nikivutwa mkono na kijana wa kuosha magari huku wateja wengine wakitazama.

Nikauliza waranti. Broka akacheka kwa upole, akatoa karatasi ya mnada wa Japani. Kijapani kitupu, na katikati mchoro wa gari imebanjuliwa kama samaki wa kukaushwa. Juu ya mchoro alama zimeandikwa kwa kalamu. A1, A1, A1. Jirani, mimi nilisoma enzi za kutafuta alama. Kuona A1 zimepangana hivyo, nikasema hii gari ingeitwa Kisii School bila kuhonga. Kulikuwa na U2 pia, na W2, na XX moja karibu na mlango, hizo nikaziona ni masomo ya kuchagua. Pembeni, kwenye kisanduku cha gredi, R.

"R ni nini?"

"R ni redi, mzee wangu. Iko tayari."

Nikafurahi tena. Yule kijana wa kuosha magari ndiye alinivuta kando, pengine alinionea huruma kwa vile alikuwa amenitoa kwenye kiti kama mzigo. Akanieleza polepole, vile unavyomweleza mtoto. A ni mkwaruzo. U ni mbonyeo. W ni mahali pamenyooshwa na kupakwa rangi. XX ni kipande kimebadilishwa chote. Namba inapanda kadiri uharibifu unavyopanda. Na R ni gari iliyogongwa ikatengenezwa. Nikamwuliza sasa nzuri ni ipi. Akasema tafuta 4, tafuta 4.5, na usitafute hapa.

Nikarudi kwa broka nikiwa nimekunja uso. Nikamwambia, na hii kilomita je? Dashibodi inasema 41,000, karatasi inasema 96,000. Hakushtuka. "Ile ya Japani ni maili, mzee wangu." Nikaona hapo amenijibu vizuri. Maili si ni ndogo? Nilipomwambia mpwa wangu kwa simu alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

Alipoona naondoka, broka akatoa silaha yake ya mwisho. Karatasi yenye muhuri. "Hii sasa ndiyo waranti, tena ya serikali." Nikaisoma. Ina jina la KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, ina namba ya chasisi, ina kila kitu. Nikaipiga picha nikamtumia mpwa. Akanipigia akipumua kwa nguvu. Kumbe hicho ni cheti cha ukaguzi wa kabla ya meli. Gari ikiwa bado Japani, wakaguzi waliopewa kazi na KEBS wanaiangalia kwa kiwango kinaitwa KS 1515 cha mwaka 2000. Breki ipo, taa zipo, usukani uko kulia, haijapitisha miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Tangu ile ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, gari za Japani zimekuwa zikipimwa hata mionzi. Kwa hivyo cheti kinasema siku ile, bandarini kule, gari ilikuwa inafaa kwa barabara. Hakisemi itakuwa inafaa ikifika Ahero. Hakisemi giaboksi ikilia utampigia nani. Mimi nilisikia habari ya mionzi nikaenda kunawa mikono.

Broka mwingine alikuwa na nyingine ya bei rahisi kabisa, bado iko Japani, ana picha kwa simu. Nyeupe, gredi 4.5, nikashika moyo. Mpwa wangu akaangalia picha akauliza, "Anko, usukani uko upande gani?" Nikageuza simu huku na kule. Kushoto. Eti matajiri wa Japani wengine hupenda hivyo, ionekane kweli imetoka Ulaya. Kenya haisajiliwi. Broka akasema nitazoea.

Kuna jamaa wetu wa Nyakoe anafanya karani kwa wakili mjini Kisii. Nikampigia kwa sababu risiti za yadi zote zilikuwa na maneno kwamba gari inauzwa jinsi ilivyo na mahali ilipo. Mimi niliona ni maelekezo ya kuifikia. Akasema hapana, maana yake ni kwamba ukitoka hapo getini, shida ni zako. Lakini akanipa moyo, akasema sheria ipo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa ya ubora unaostahili, hata kama mdomo wake haukuahidi. Tena kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16. Hapo sasa akanichanganya. Kwa kifungu hicho, kama uliikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kumdai muuzaji kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha. Nikamwuliza, kwa hivyo nisikague? Akasema kagua, lakini peleka fundi anayejua. Kwa hivyo nikikagua mimi mwenyewe? Akasema, "Wewe, omogaka, hata ukikagua ni kama hukukagua." Sikujua kama hiyo ilikuwa ushauri wa kisheria ama alikuwa ananitusi. Nikamtumia pesa ya chai.

Mwishowe mpwa wangu akaniambia, Anko, wacha yadi. Enda kwa senta rasmi ya Porsche, pale magari yao ya mtumba yanauzwa na waranti ya kampuni. Hapo nikajitayarisha. Nikapiga suti. Na kwa sababu mtu wa Nyakoe haendi kwa watu mikono mitupu, nikabeba mkungu wa ndizi.

Askari wa getini akaangalia suti, akaangalia viatu vyangu vyenye udongo mwekundu ambao haujatoka tangu masika, akaangalia mkungu. "Mboga na matunda ni mlango wa nyuma, mzee." Nikaenda mlango wa nyuma. Mama wa jikoni akazipima ndizi, akazisifu, akaniuliza bei. Nikaona aibu kusema ni zawadi. Nikauza. Ndivyo nilivyoingia kwa Porsche, kupitia jikoni, nikiwa na shilingi mia sita mkononi.

Dada wa mauzo alikuwa na heshima ya kutisha. Sakafu ilikuwa safi hadi nikajiona viatu kwa chini. Akanieleza kwamba Porsche wana mpango wao wa gari zilizotumika, na ili gari ipewe hiyo waranti inakaguliwa vipengele 111. Mia moja na kumi na moja! Mimi mara ya mwisho kukaguliwa ni pale hospitali, daktari aliniuliza naumwa wapi, akaandika panado kabla sijamaliza.

Halafu akanieleza kitu ambacho mpaka leo kinaninyima usingizi. Gari yenyewe inaandika. Kompyuta ya injini inaweka kumbukumbu ya kila mara dereva alipoizungusha kupita kiasi, inazipanga kwa madaraja, inaandika na saa ya injini. Ukirudisha gia vibaya mwaka ule, imo. Hata uifute na kuipaka nta, imo. Fundi anachomeka mashine, inasema yote. Na ikisema vibaya daraja la juu, waranti inaweza kukataliwa. Nikafikiria kama mama watoto angekuwa na mashine kama hiyo, nikaomba maji.

Tairi nazo zina mambo yao. Lazima ziwe na herufi N ubavuni, N0, N1, hivyo, maana yake Porsche wamezijaribu na kuzikubali kwa gari hiyo. Saizi pekee haitoshi. Nikauliza kama fundi wangu wa pancha Nyakoe anaweza kuiandika hiyo N na kisu cha moto. Dada akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari.

Akanipa funguo nijaribu gari. Nikamwambia aendeshe yeye, mimi nitasikiliza. Akaniona mjuzi. Tulipozunguka nilikuwa nimefumba macho na kutikisa kichwa.

Bei sitaitaja, mama watoto husoma hapa. Nitasema tu kwamba gari ikiingia nchini kuna ushuru wa forodha asilimia 35, juu yake kuna ushuru wa bidhaa, juu ya yote VAT 16, na tozo zingine ndogondogo za kukumalizia pumzi. Mpwa wangu akalipa. Huko Minnesota nadhani sasa anafanya zamu tatu.

Gari ikaletwa Nyakoe juu ya lori. Watu wakasema imekufa. Nikawaambia ni heshima, wakasema ndiyo, hata maiti hubebwa kwa heshima. Ikateremshwa getini, tumbo likagusa ule mfereji wa maji ya mvua, tukaweka mbao. Sasa iko chini ya mabati, ng'ombe amehamishiwa kwa jirani na ninamlipia malazi.

Fundi wetu mkuu wa Probox akaja siku hiyohiyo na mikono yenye oili. Nikamwambia usiguse, waranti inataka iguswe na watu wao tu. Akasema hagusi, anaangalia. Nikafungua boneti ya mbele. Tupu. Kapeti tu. Jirani, nilihisi magoti yanayeyuka. Fundi akapiga kelele, "Omogaka, wamekuuzia gari bila injini!" Watu wakakimbia kutoka stejini. Tukafungua nyuma: buti nyingine, kapeti nyingine, na vifuniko viwili vidogo, kimoja cha oili, kimoja cha maji. Kwa hiyo inakunywa, lakini mdomo hauna tumbo. Shangazi mmoja akaanza kulia kabisa. Nikapiga simu Nairobi huku kijiji kizima kimenizunguka, nikaweka spika. Yule dada akasema kwa upole ule ule kwamba injini iko katikati, nyuma ya viti, na haionekani bila kufungua vitu ambavyo tafadhali tusifungue. Fundi akasema gari ya kuficha injini ina kitu inaficha. Aliondoka na heshima yangu yote.

Mama watoto naye akachungulia ndani, akahesabu. Viti viwili. Akahesabu tena. "Na watoto?" Nikamwambia kuna buti mbili. Hajanisemesha vizuri tangu hapo.

Sasa juzi imekuja kamati ya harusi. Wana mwenyekiti, wana katibu, wana daftari la mahudhurio. Wanataka gari ya bibi harusi, Jumamosi, kutoka kanisani hadi uwanjani. Nikawatolea kitabu cha waranti, nikawasomea: gari isitumike kwa mashindano. Katibu akauliza kama msafara wa harusi ni mashindano. Mwenyekiti akasema inategemea upande wa bibi harusi wana gari gani. Wakajadili hilo kwa saa nzima wakinywa chai yangu. Ikapitishwa kwamba si mashindano ila Probox ikijaribu kutupita tusikubali. Bibi harusi atakaa kushoto, bwana harusi atakuja na Probox pamoja na wengine, na mimi, kwa kuwa ndiye mwenye waranti, nitaendesha. Kila mtu akapiga makofi. Nikasema sawa.

Leseni yangu ni ya bodaboda.