Yah: Ombi la kukabidhiwa mwili wa marehemu MB 412

Kwa Wakurugenzi Watendaji,
Kampuni za Simu za Mkononi,
Dar es Salaam.

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa taarifa na, ikiwezekana, kwa kushtuka.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mteja wenu wa Lembeni, Upareni, anawasalimu sana. Ni mzima wa afya, na nyumbani hawajambo, ila bando limefariki. Alilinunua saa 2 usiku, likiitwa kifurushi cha siku. Saa 5:59 lilikuwa hai, MB 412 zikipumua vizuri tu. Saa 6:00 ukaingia ujumbe kwamba muda wake umekwisha, ajiunge tena aendelee kufurahia. Neno la pole halikuwemo.

Mteja hana ugomvi na kalenda yenu, ingawa angependa kujua siku yenye saa nne ilivumbuliwa wapi. Kwa hesabu ya saa za Kiswahili, saa sita ya usiku ni katikati ya usiku. Hakuna siku ya mtu inayokatika hapo, labda ya mlevi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mteja alikuwa anapima kama inamfaa kujiunga na Netflix, ambayo ilifungua milango yake kwa Watanzania Januari 2016. Kwa kuwa ni Mpare, hakuuliza majirani, alichukua kalamu. Netflix wenyewe wanasema kutazama kwa ubora wa kawaida hula takriban GB 1 kwa saa, na picha zikiwa kali zaidi inaweza kufika GB 3. Bei elekezi ya data iliyowahi kutangazwa nchini ilikuwa kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja. Filamu ya saa mbili, kwa ubora wa kawaida, ni MB 2,048. Ukizidisha, unapata Sh 4,157 kwa bei ya huruma na Sh 19,149 kwa bei ya kukomoa. Hapo Netflix hawajalipwa hata senti.

Nauli imeuzidi mzigo. Wakenya wanalijua hili: Septemba 2021 Netflix waliwawekea mpango wa bure kwenye simu za Android, wakaufunga Novemba 2023, na katika miaka hiyo miwili ya bure aliyekuwa nje ya Wi-Fi alizitazama filamu hizo za bure kwa bando la kununua.

Hata hivyo mteja angeweza kuamua. Anachohitaji ni kujua saa moja ya filamu itamgharimu kiasi gani, basi. Lakini hawezi kujua, kwa sababu bei ya MB zenu inategemea amelala saa ngapi. Akitumia zote, MB ni rahisi. Akisinzia katikati ya filamu, zilizobaki zinakufa, na zile alizotumia zinakuwa zimepanda bei bila yeye kugusa kitu. Mtu akinunua gunia la tangawizi kule Mamba Myamba na lori likachelewa kufika Same hadi usiku wa manane, dereva hamwambii kwamba sasa tangawizi ni ya dereva. Akimwambia hivyo, watu wa Same wanajua cha kumfanya.

Ni haki kukiri kwamba sheria imejaribu. Kanuni ndogo za TCRA za mwaka 2021 ziliwataka mmruhusu mteja kuendelea na kilichobaki, mradi anunue kifurushi kilekile kabla cha kwanza hakijaisha muda. Tiba nzuri. Mgonjwa asikate roho, leteni mgonjwa mwingine wa aina yake, mumlaze pembeni. Aprili 2 mwaka huohuo bei mpya zilianza kutumika, kelele zikapigwa nchi nzima, na Serikali ikazisimamisha haraka, jambo linaloonyesha kwamba masikio yapo, ila yanahitaji sauti ya nchi nzima.

Sasa ombi lenyewe.

Huku kwenye wafugaji, mbuzi akifia malishoni, mchungaji hurudi nyumbani na ngozi. Si kwamba haaminiwi. Ngozi ndiyo taarifa ya msiba. Mteja anaomba ngozi ya MB 412. Na kwa kuwa nyinyi ni watu wakubwa wenye magari, anaomba mwili mzima.

Usafiri usiwasumbue. Reli ya kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911 inapita hapahapa Lembeni. Mwili ufungwe kwenye sanduku dogo (MB si kitu kikubwa, kama mnavyotuambia tunapolalamika bei), ushushwe stesheni mchana, watu wauone. Afisa wenu mmoja ausindikize, ikiwezekana yule wa masoko. Atakaa mkekani na wazee. Ataletewa makande, naye ale, maana kususia makande ya msibani Upareni ni kesi nyingine. Kisha atasimama asome wasifu wa marehemu: alizaliwa saa 2 usiku kwa fedha taslimu, alitumwa mara mbili WhatsApp, alikuwa na nguvu, alikuwa na mipango. Mzee mmoja atauliza aliugua nini. Afisa atajibu kwamba hakuugua. Mzee atauliza tena, na ukimya utakuwa mrefu.

Baada ya maziko kitafuata kikao cha ukoo, kugawa mirathi. Warithi wapo: mtoto anayehitaji kupakua mitihani ya zamani, mama anayetaka kumwona mjukuu wake kwa video. Na hapo ndipo afisa ataulizwa swali ambalo barua hii imekuwa ikilizunguka kwa heshima: kama mwili haupo, nani kasema ni kifo? Kitu cha mtu kikitoweka usiku na aliyekishika hana ngozi ya kuonyesha, Kiswahili kina neno lake. Ni fupi, na halina uhusiano wowote na muda wa matumizi.

Samahani. Mteja amekunywa maji, anaendelea.

Pamoja na hilo, anaomba neno “bila kikomo” lisiandikwe kando ya nyota inayoeleza kikomo. Anaomba ile huduma ya utabiri wa nyota, ambayo hakujiunga nayo bali ilijiunga naye, imtabirie siku itakapoacha kumkata salio. Anaomba vifurushi vya usiku wa manane viuzwe kwa popo. Na anaomba msimwambie “Hongera” kila mnapochukua hela yake.

Msilichukulie ombi hili kama utani wa Wapare. Ni kweli nchi nzima inacheka kwamba Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Lakini mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Hawakuondoka upesi, na mwishowe kodi hiyo ikaachwa. Hao walikuwa babu na bibi za wateja wenu.

Kuhusu kusubiri pia, Lembeni ina uzoefu. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilitoweka miaka 25 ikadhaniwa imekufa, na Desemba 2019 ikarudi. Hakuna aliyeiambia ijiunge tena.

Netflix bado hajajiunga. Fomu ameifungua, ameifunga. Tarehe ya maziko mpange nyinyi, ila mumjulishe kwa barua, kwa sababu bando la kusomea ujumbe wenu limekwisha muda.

Naomba kuwasilisha.

Mteja wenu,
Lembeni.