Gitaa, Salfa na Kumbikumbi

Ukitafuta mbao Nachingwea huhangaiki sana. Mninga upo, mkongo upo, na mpingo, mti ambao viwanda vya Ulaya huutegemea kwa klarineti na obo, huota katika misitu ya mkoa wa Lindi, ng'ambo zote mbili za Mto Mbwemkuru. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa fizikia alipowatangazia majirani kwamba atajitengenezea gitaa la umeme pale pale uani kwake, tena la mtindo wa zamani, hakuna aliyezitilia shaka mbao. Shaka walikuwa nayo juu ya mwalimu.

Mwenyewe alikuwa na hoja. Gitaa alilotaka kuliiga, Telecaster, lilibuniwa na Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye hakujua kupiga gitaa. Lilipoingia sokoni mwaka 1950 liliitwa Broadcaster. Mwaka uliofuata likabadilishwa jina kwa sababu kampuni ya Gretsch ilikuwa ikiuza ngoma zenye jina kama hilo. Ni ubao bapa na shingo iliyokazwa kwa skrubu nne, basi. Kama fundi redio wa Marekani aliweza, mwalimu aliuliza kijiweni, wa Nachingwea atashindwa nini? Fundi redio wa pale sokoni, aliyetolewa mfano bila kuombwa ridhaa, aliendelea na waya zake kana kwamba hakusikia.

Kiwiliwili kilichongwa kwa mninga, mbao inayokubali randa bila ugomvi. Ubao wa vidole ulitokana na kipande cha mpingo kilichobaki kwa mchonga vinyago. Mpingo ukiutupa majini huzama, na msumeno uliokata mninga kutwa nzima huomba radhi mbele yake kabla ya adhuhuri. Hesabu za freti hazikumsumbua mwalimu: urefu wa nyuzi ni milimita 648, unagawanya kwa 17.817 unapata nafasi ya freti ya kwanza, unagawanya kinachobaki kwa namba ile ile, unaendelea hivyo hadi freti ya 12, ambayo lazima iangukie katikati kabisa, milimita 324. Kilichomsumbua ni futi la mbao la darasani, ambalo vizazi vya wanafunzi walikuwa wamelichapia madawati hadi ncha yake ikalika milimita mbili. Kila freti ikawa imesogea kwa milimita hizo hizo. Bahati nzuri kosa lililo sawa kila mahali ni kosa lenye adabu: alisogeza kikalio cha nyuzi cha upande wa kichwa nyuma kwa milimita hizo mbili, mambo yakakaa sawa.

Hadi hapo mji ulikuwa bado unamheshimu. Aliyemwaga mboga ni rangi.

Magitaa ya miaka ya 1950 yalipuliziwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo mafundi wetu wa samani huiita NC. Hutokana na pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, ni ndugu wa damu na baruti, na inawaka upesi kwelikweli. Wakati Fender alipotaka rangi za kuvutia alinunua za magari, za DuPont. Mwalimu naye alinunua ya magari, akaazima kompresa ya fundi pancha wa stendi, na akachagua Februari, mvua zikiwa zimeshika kasi, kwa sababu shuleni kulikuwa na siku za mapumziko.

Alipuliza. Rangi ikameremeta kama dakika mbili hivi, halafu ikafifia na kugeuka nyeupe.

"Shikamoo babu," alimsalimia mzee aliyekuwa akipita.

"Marahaba, Mwalimu. Naona umepiga chokaa."

Fizikia yake ni rahisi, na mwalimu aliieleza kwa ufasaha ambao haukumsaidia lolote. Thina ikiruka haraka huondoka na joto, uso wa ubao unapoa, na mvuke wa maji uliojaa hewani unatua juu ya rangi ambayo bado mbichi. Kuna thina nzito inayokauka polepole ambayo huupa unyevu nafasi ya kutoka. Mafundi wa magari wanaijua vizuri. Kulikuwa pia na suala la kompresa. Koki ya chini ya tangi ilipofunguliwa yalitoka maji yenye kutu, rangi ya chai ya mkandaa. Tairi la bodaboda halina shida na maji hayo. Gitaa linayo.

Mwalimu akala kiapo cha kungoja kiangazi. Kiangazi kilipofika, upepo wa mchana ukaleta vumbi jekundu la barabarani, kwa hiyo akaamua kuamka alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Uamuzi wa busara, isipokuwa kwamba kila mwenye mikorosho Nachingwea na Ruangwa ameshaufikia kabla yake. Ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia maua na majani machanga ya mkorosho, huzuiwa kwa kupuliza salfa ya unga, na unga huo hupulizwa alfajiri hiyo hiyo, umande ukiwa bado juu ya majani ili ushike, na upepo ukiwa bado umelala. Mpuliza rangi na mpuliza salfa wanatafuta saa moja. Tofauti ni kwamba mmoja ana kopo dogo, mwingine amebeba mashine yenye injini mgongoni.

Wingu la njano lilivuka ua bila hodi. Mwalimu alikuwa amekusudia gitaa la rangi ya siagi, lile la njano ya kupauka linalopendwa na wapenzi wa Telecaster za mwanzo, hivyo kwa mbali lilipendeza. Ukilishika mkononi ilikuwa msasa.

Alimwendea jirani kulalamika. Jirani akamuuliza kilo moja ya gitaa inauzwa bei gani mnadani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ndipo wazee walipoanza kukumbushana mpango wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta, mengine yametokana na vifaru vya vita, wakisema watailisha Uingereza mafuta ya karanga kutoka Kongwa, Urambo na Nachingwea. 1951 serikali yao ikakunja jamvi. "Angalau wale waliacha reli," mzee mmoja alisema, ingawa hata hiyo ya kutoka Mtwara iling'olewa baadaye.

Mwalimu, ambaye hakati tamaa hata pale inapofaa, akasoma kwamba Japani kuna vanishi inayotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya korosho. Hilo ni kweli. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mti ambao utomvu wake hutumika kwa vyombo vya kung'aa vya Kijapani, na mafuta yale huingia pia katika breki za magari. Bibi wa nyumba ya pili aliposikia maganda yataka kuchemshwa uani, hakusema mengi. Alimnyooshea vidole vyake, ncha zimepiga weusi na ngozi imebanduka kwa miaka ya kubangua. "Mjukuu wangu, mafuta haya hayachezewi." Mradi wa Japani ukafa siku hiyo, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo hatua ya akili kuliko zote katika kisa hiki.

Jaribio lililofuata lilikuwa la usiku, chini ya taa, Desemba, siku chache baada ya mvua ya kwanza. Msomaji wa kusini ameshajua kilichotokea. Kumbikumbi walikuja kwa mamia, wakatua juu ya vanishi mbichi, wakaacha mbawa. Watoto wa jirani walifika na bakuli, na walihuzunika kukuta kitoweo kimetiwa thina.

Vanishi ilipopigwa msasa mara nyingine, pembe za gitaa zilikuwa zimeonyesha mbao. Mwalimu akaziacha hivyo, akidai kwamba tangu 1995 kampuni ya Fender yenyewe huuza magitaa mapya yaliyokwanguliwa kwa makusudi yafanane na ya zamani, tena kwa bei ya juu. Babu wa chokaa alifikiri kidogo. "Nina baiskeli yangu ya Phoenix kule ndani," alisema. "Waandikie hao watu waje waione."

Waya zilikuwa na vituko vyao, vichache. Koili ya kunasa sauti hutaka zaidi ya mizunguko 7,000 ya waya mwembamba kuliko unywele, na waya wa feni mbovu ni mnene mno; akaagiza koili Dar es Salaam. Gitaa lilipounganishwa kwenye sabufa lilivuma kwa hezi 50 za umeme wetu. Dawa ilikuwa jirani. Ruangwa inajulikana kwa madini ya kinywe, yale yale yaliyomo ndani ya penseli, nayo hupitisha umeme. Mwalimu alisaga mbadala wake, vijiti vya kaboni vya betri za redio, akachanganya na gundi, akapaka mashimo ya koili na kuyaunganisha na waya wa ethi. Mvumo ulipungua. Haukuisha, kwa sababu rangi hiyo huzuia uga wa umeme tu, ule wa sumaku unapita.

Gitaa sasa linapiga, na linapiga vizuri: mninga una sauti ya joto, mpingo unaipa ukali wake. Kwa anayetaka kumfuata mwalimu, pulizia mwezi wa Mei, mvua zimekatika na salfa haijaanza. Mwaga maji sakafuni ili vumbi litulie, vaa barakoa, toa maji kwenye kompresa. Jiko la mkaa liwe mbali kabisa na kopo la thina. Na kuku wafungie mapema, kwa sababu unyayo wa jogoo ulio mgongoni mwa gitaa la mwalimu uko pale hadi leo, na msasa umeshindwa.