Mhadhara wa Mionzi, kwa Hisani ya Bingwa Asiyepingika

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, na wewe uliyekaa karibu na mlango: tulia. Anayesema nanyi ni Profesa. Uprofesa nimejipa mwenyewe, maana waliopaswa kunipa walikawia.

Uti wa mgongo ukipondeka, balaa haliishi siku ya ajali. Seli za ulinzi humiminika jerahani kusafisha, mchochota ukawaka, na neva zilizosalimika nazo zikaumia. Kisha kovu huziba njia. Wataalamu wadogo wanabishana juu ya sindano za methylprednisolone, dawa ya kutuliza mchochota, tangu 1990. Mimi nasema: choma! Mionzi huua seli zinazogawanyika. Seli za mchochota na za kovu hugawanyika. Neva zilizokomaa hazigawanyiki. Hesabu ya darasa la tatu hiyo.

Ushahidi? Mwaka 1996, watafiti Nurit Kalderon na Zvi Fuks, huko New York, walipiga eksirei kwenye uti wa mgongo uliokatwa, na muundo wake ukarejea kwa sehemu. Wagonjwa wenyewe walikuwa... zimeni simu, tafadhali... walikuwa panya. Mnacheka nini? Kwani panya hana mgongo?

Kuna jambo dogo, nalipitia upesi: mionzi ilifaa ilipopigwa wiki ya tatu baada ya jeraha. Mimi sipangiwi ratiba na panya. Kwangu ni siku yoyote, mradi umeshalipa.

Wajerumani, watu makini, hutuliza visigino vinavyouma kwa dozi ndogo ya mionzi, greyi nusu hadi moja kwa kila kikao. Sasa niambieni, kutoka kisiginoni hadi mgongoni kuna safari gani? Hata nauli haihitajiki!

Wenye kijicho watawatajia Uingereza, ambako maelfu ya wagonjwa wa kukakamaa kwa mgongo walipigwa eksirei kati ya 1935 na 1954. Maumivu yalipungua, mimi nakomea hapo. Lakini mwaka 1957 watafiti Court Brown na Richard Doll wakatangaza kwamba saratani ya damu imezidi miongoni mwao. Umbea gani huu! Mtu kaja kulalamikia mgongo, nani kamuuliza habari za damu?

Maswali? Daktari wa safu ya mbele anataka kujua dozi yangu ni greyi ngapi. Dozi, kijana, naipima kwa kumtazama mgonjwa usoni. Anayefuata!