Kipuri Kimoja, Ukoo Mzima

Hakuna swali linalonichosha siku hizi kama hili: "Anko, si ununue tu kompyuta mpya?" Huulizwa na watu wasiochangia hata shilingi. Mpwa wangu huniuliza akiwa amejinyoosha kwenye kochi langu, anakula bando langu.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, Core i5 ya kizazi cha nne, ya 2013, mtumba uliopitia Dubai kabla ya kutua Kariakoo. Haijafa, inaumwa tu. Hadi diski inakoroma, feni inalalamika kunizidi, na umeme ukikatika ukarudi inaniambia leo ni Januari 2013. Hapo tovuti nyingi zinagoma kufunguka, maana kwa kalenda ya mashine vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kutumika. Ningevumilia, ila inarudisha tarehe tu. Bei ya mchele ya 2013 hairudishi.

Nilimwendea fundi na ombi dogo: prosesa yenye kasi. Akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuiona kodi yake ya mwezi.

"Mzee wangu, prosesa za sasa hazikai kwenye mazabodi hii. Soketi yako ni LGA1150, za leo zina pini 1700 na zaidi." Haya, tubadili mazabodi. "Mazabodi mpya haichukui RAM yako, hiyo ni DDR3." Ni kweli: kijino cha DDR4 na DDR5 kimehamishwa makusudi, hata ukisukuma kwa goti haiingii. Haya, tununue na RAM. "Pawa saplai nayo, mzee. Hii mashine ya ofisini, plagi zake ni za kiwanda chake." Na kesi? "Kesi nayo ilitengenezewa mazabodi yake."

Ni kama kumwalika shemeji mmoja kwenye shughuli: anashuka stendi na wajomba, mashangazi na mtoto wa jirani yao anayetafuta kazi mjini. Nilipojumlisha, nikaona ninanunua kompyuta mpya kwa mafungu, na cha zamani kitakachosalia ni waya wa umeme.

Na msidhani RAM ni sadaka. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepaa, kwa sababu viwanda vya chipu vinawahudumia kwanza wenye vituo vya data vya akili mnemba. Yaani kuna mtu huko anaomba achorewe paka aliyevaa suti, na mimi Mbagala namlipia paka.

Windows nayo haikubaki nyuma. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifungwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane. Yangu ni ya kizazi cha nne. Haina ugonjwa wowote unaohusiana na hilo. Imekosa cheti cha kuzaliwa tu.

Basi nikabadili swali. Badala ya kuuliza kama nikarabati au ninunue, nikamwuliza fundi: ni kipuri gani kinachokuja peke yake, bila ukoo? Akakuna kichwa, maana swali hilo lina faida ndogo kwake.

Vipo. SSD ya SATA inachomekwa palepale ilipokuwa hadi diski, nayo inasoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, ilhali diski ya kuzunguka inahangaika kwenye mia na ushee. RAM ya DDR3 ya mtumba inapatikana, hurithiwa kutoka kwa mashine marehemu. Na ule wazimu wa 2013 unatibiwa na kibetri cha CR2032, cha upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, bei yake haifiki ya sahani ya chipsi. Windows ikinuna, Linux ni bure, na mpwa ataisakinisha; angalau alipie kochi.

Kama mazabodi yako imeanza kuvimba kapasita, au unahariri video kwa riziki, usinisikilize, nunua nyingine. Mimi naandika maneno, na maneno hayahitaji pini 1700.

Nimeweka SSD, RAM na kibetri. Prosesa ibaki ilivyo, iwaombe radhi wenzake. Hasara ni moja tu: zamani mhariri akipiga simu nilimwambia mashine bado inawaka, na ilikuwa kweli, hadi nimalize kunywa chai na kusoma gazeti. Sasa inawaka kabla sijatafuta uongo mwingine.