Ushauri kwa Walioumizwa na Viti vya Baiskeli

Barua zilizoifikia safu hii mwezi huu zinatoka kwa watu wanaopanda na kushuka milima kwa baiskeli kwa hiari yao, jambo ambalo majirani zao wengi bado hawajalielewa, na karibu zote zinalalamikia kipande kimoja cha baiskeli kisichozidi upana wa viganja viwili. Majina ya waandishi ni yale waliyojichagulia.

Aliyekufa Ganzi wa Lushoto anaeleza kwamba, baada ya kuchoshwa na kiti kigumu kilichokuja na baiskeli yake, alinunua kingine kipana, kinene na kilichojazwa jeli, ambacho muuzaji alikisifu kuwa ni godoro kamili. Mpando wa kuelekea Irente ukatosha kuziondolea hisia sehemu ambazo barua yake inazitaja kwa adabu kubwa, na sasa anauliza kama anunue kinene zaidi.

Asinunue. Uzito wa mwendeshaji aliyeketi vyema hubebwa na mifupa ya kukalia, yaani ncha mbili za mviringo zilizo upande wa chini wa nyonga, ambazo mtu huzihisi mara moja akikalia viganja vyake kwenye benchi la mbao. Katikati ya ncha hizo, katika eneo la msamba, hupita neva na mishipa ya damu inayohudumia viungo vya uzazi, na eneo hilo halikuumbwa kubeba mzigo. Kiti chororo kupita kiasi huiacha mifupa izame, nayo jeli inayosukumwa na mifupa hiyo huinuka katikati na kuukandamiza msamba, hivyo kwamba unene ulioonekana dukani kuwa rehema ndio unaoleta ganzi njiani. Mwaka 1997 Irwin Goldstein, daktari bingwa wa mfumo wa mkojo huko Boston, aliwashtua waendesha baiskeli wa Marekani alipouhusisha mgandamizo huo na upungufu wa nguvu za kiume, na muda mfupi baadaye vikaenea viti vyenye mfereji au tundu katikati, kikiwemo kile ambacho daktari Roger Minkow aliibunia kampuni ya Specialized. Mfereji huwasaidia wengi, lakini haumwokoi aliyekosea upana.

Kuujua upana hakuhitaji mashine. Kipande cha katoni ngumu huwekwa juu ya benchi, mtu hukikalia akiwa na nguo nyepesi, huinua visigino kidogo na kuinama mbele kama aliyeshika usukani, kisha husimama na kupima umbali kati ya vitovu vya mabonyeo mawili yaliyobaki. Kwa watu wazima wengi umbali huo huwa kati ya milimita 100 na 140, na kwa wanawake huwa mkubwa zaidi kwa wastani, ingawa wapo wengi wasioufuata wastani. Ukiongezwa milimita 20 hivi hupatikana upana wa kiti cha kuanzia kujaribu, na ndiyo sababu watengenezaji makini huuza muundo uleule katika upana wa aina mbili au tatu. Ukubwa wa makalio hausemi lolote la maana kuhusu umbali wa mifupa, na muuzaji anayemtazama mteja kwa nyuma kisha kutoa hukumu asamehewe lakini asisikilizwe. Baada ya hapo Aliyekufa Ganzi akilaze kiti chake sambamba na ardhi, kwa kuwa pua ya kiti iliyoinuliwa hurudisha mzigo palepale kwenye msamba, na avae kaptura ya baiskeli yenye sponji bila chupi ndani yake, maana mishono ya chupi huchubua kuliko kiti chochote.

Mpenda Gramu wa Nairobi, anayekiri kuwa na kilo 98, anataka kiti cha gramu 130 na anauliza kama kitamfanya awe mwepesi Ngong. Jibu linategemea fito mbili zinazopita chini ya kiti na kushikwa na kibanio cha bomba lake. Fito za aloi ya chuma, kromi na molibdeni hukipa kiti uzito wa gramu 250 hadi 300 na hupinda kabla ya kuvunjika, kwa hiyo humwonya mwenyewe mapema. Za titani hupunguza makumi kadhaa ya gramu na hunesa kidogo. Za nyuzi za kaboni ndizo nyepesi kuliko zote, lakini nyingi zina umbo la yai, milimita 7 kwa 9, na zikibanwa kwa kibanio kilichotengenezewa fito za duara za milimita 7, au zikikazwa kupita kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, huweza kupasuka ufa usioonekana hadi siku ya mruko. Keith Bontrager, mtengenezaji wa baiskeli wa California, alijulikana kwa kuwaambia wateja kwamba kati ya uimara, wepesi na bei ndogo wangeweza kupata mawili tu. Kwa mtu wa kilo 98 anayetua kwenye mawe, safu hii inachagua titani au chuma, pamoja na kiti ambacho pembe zake za nyuma zimefunikwa kwa kitambaa kigumu, kwa sababu ndizo zinazogusa ardhi kwanza baiskeli inapoanguka. Gramu 150 anazozililia ni chini ya theluthi moja ya maji yaliyomo katika chupa ya nusu lita.

Mjukuu Mtiifu wa Moshi amerithi kiti cha ngozi chenye springi na hataki kumkosea marehemu babu. Babu hakukosea: aliendesha akiwa amekaa wima, na mkao huo huhitaji kiti kipana chenye kunesa. Anayeinama mbele mlimani, hata hivyo, hukalia sehemu nyembamba zaidi ya nyonga, na ngozi iliyoloa tope siku nzima hulegea. Kiti hicho kirudi kwenye baiskeli ya sokoni, ambako heshima yake itadumu.

Aliyerukia Usukani wa Naivasha anadhani kiti chake kilimsukuma kwa makusudi kwenye mteremko. Kilikuwa juu mno tu. Waendeshaji wa Mlima Tamalpais, California, walilijua tatizo hilo mapema, na katika miaka ya 1980 Joe Breeze na Josh Angell wakauza Hite Rite, springi iliyomwezesha mtu kushusha na kupandisha kiti bila kuteremka. Leo kazi hiyo hufanywa na bomba linaloshuka kwa kitufe kilicho kwenye usukani. Bomba hilo huongeza uzito, na unastahili kubebwa kuliko gramu zozote atakazoziokoa kwingine.

Mke Aliyechoka wa Arusha anaandika kwamba mumewe ana viti sita, vitano vikiwa kabatini pamoja na mashuka. Mume apime mifupa yake leo jioni, abaki na kile kinacholingana na kipimo, na vingine awaazime wenzake wavijaribu kabla ya kuvinunua, kwani kiti hakijulikani hadi kikaliwe njiani kwa saa mbili. Swali la pili la mama huyo, kama mume naye anaweza kuuzwa pamoja na viti hivyo, liko nje ya mamlaka ya safu hii.