Matembezi ya Watatu

Watu wa mjini wamegundua juzi tu kwamba mume, mke na mbwa wanaweza kutoka pamoja kupunga hewa. Huku Tingi na milima yote ya Umatengo jambo hilo ni la zamani, ila hakuna aliyelipiga picha.

Masika yakikolea, msafara unapanda mlima. Bwana anafyeka majani na kuyapanga chini kwa miraba, kwa ustadi kweli, kisha anatafuta gogo la kukalia. Mama anashika jembe: achimbe shimo katikati ya kila mraba, afukie majani, apande maharage. Hiyo ndiyo ngoro inayozuia udongo usiporomokee bondeni, na wataalamu wametoka mpaka Japani kuja kuistaajabia. (Mgongo uliochimba hawakuusahau, waliuandika kama mgawanyo wa kazi.) Mbwa yuko kivulini, anamvizia nyani. Kati ya watatu, wawili wako mapumzikoni.

Kahawa ikishauzwa, bwana hushuka Mbamba Bay kula mbasa na kutazama ziwa. Peke yake, maana nyumba lazima iwe na mtu. Mbwa humsindikiza hadi stendi, akarudishwa kwa jiwe.

Mbwa angalau ana siku yake: 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndipo anapofungwa kamba na kutembezwa kama wenzake wa Ulaya, kwenda kuchanjwa. Mama naye anayo yake, 8 Machi. Bahati mbaya imeangukia msimu wa ngoro.